Gari Safi na Programu Inayosomeka: Hotuba kwa Mafundi, Wanafunzi na Waandishi wa Programu Jijini Dodoma

Mbukwenyi. Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wangu mafundi mliofunga gereji mapema ili mfike hapa, vijana wa vyuo vyetu, mama zangu na dada zangu: nawashukuru kwa kunikaribisha, na kwa kukubali kukaa kitako kusikiliza jambo ambalo wengi wetu tumezoea kuliona kuwa mambo mawili yasiyojuana.

Nimeombwa nizungumze kuhusu teknolojia ya magari safi. Niliomba ruhusa ya kuunganisha mada hiyo na mjadala ambao kwa kawaida huachiwa watu wa kompyuta, yaani mjadala wa programu huria (zile ambazo maandishi yake yako wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyabadilisha) zinazoendesha wavuti, na Mwenyekiti amenikubalia. Sababu yangu ni kwamba gari la leo, liwe la umeme, la mseto wa mafuta na umeme, au la dizeli, hutawaliwa na programu tangu dereva anapobonyeza kitufe cha kuliwasha hadi anapolizima. Kwa hiyo swali la kama gari ni safi haliwezi kujibiwa na mtu asiyejua programu hiyo inafanya nini, nani aliiandika, na nani amebaki na mamlaka ya kuibadilisha baada ya gari kuuzwa. Msimamo wangu ni huu: nchi inayonunua magari safi bila kudai haki ya kusoma, kutengeneza na kusasisha programu zake inanunua usafi wa kuazima.

Jambo hili limeshatufikia. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inafika hapa Dodoma kutoka Dar es Salaam. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwanzoni mwa mwaka 2024, na mitambo yote ikakamilika mwaka uliofuata. Petroli na dizeli tunaagiza zote kutoka nje kwa fedha za kigeni, na katika injini ya kawaida ya petroli takriban robo tu ya nishati iliyomo kwenye mafuta ndiyo inayozungusha magurudumu, nyingine ikipotea kama joto. Mota ya umeme hutumia sehemu kubwa zaidi ya nishati inayopewa. Mtu yeyote anayeweka hesabu hizo mbili mezani ataona kwa nini pikipiki na bajaji za umeme zinaongezeka katika miji yetu, hata kabla hatujataja hewa ukaa.

Najua kuna ubishi mkubwa kuhusu njia ipi ni bora, na sitaupita kimya. Wapo wanaotetea gesi asilia, ambayo tunayo wenyewe Songo Songo na Mnazi Bay, na ni kweli kwamba gari la gesi hutoa hewa ukaa kidogo kuliko la petroli. Lakini methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, ikivuja njiani hupasha joto angahewa zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa katika kipindi cha miaka 20, na vituo vingi vya kujazia gesi viko Dar es Salaam na ukanda wa Pwani, mbali na dereva wa Kongwa au Manyoni. Wapo wanaotetea mseto, na kwa mtu anayesafiri masafa marefu leo, nakiri kwamba gari la mseto linamfaa kuliko lolote. Wapo waliosubiri hidrojeni. Toyota ilianza kuuza gari lake la hidrojeni, Mirai, mwaka 2014, lakini mwaka 2024 kampuni ya Shell ilifunga vituo vyake vya hidrojeni kwa ajili ya magari madogo katika jimbo la California, na sioni sababu ya sisi kuanzia pale ambapo wenye fedha wameshindwa. Ethiopia, kwa upande wake, ilichagua njia ya mkato mwaka 2024 kwa kuzuia uagizaji wa magari ya mafuta, ikitegemea umeme wake wa maji. Mimi naamini kwamba kwa bodaboda, bajaji na magari ya mjini, umeme umekwisha kushinda ubishi huu. Kinachobaki ni masharti ya ushindi huo, na ndicho ninachotaka tukitazame leo.

Wapo watakaouliza programu inahusiana vipi na moshi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia nchini Marekani walichapisha matokeo ya vipimo walivyofanya kwa kufunga vifaa vya kupimia moshi kwenye magari ya dizeli na kuyaendesha barabarani, badala ya kuyaacha ndani ya maabara kama ilivyokuwa desturi. Magari mawili ya Volkswagen yaliyofaulu vizuri maabara yalitoa oksaidi za nitrojeni kupita kiasi yalipokuwa barabarani. Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ikatangaza sababu. Ndani ya kompyuta ya injini mlikuwa na maagizo yaliyotazama mkao wa usukani, mwendo wa gari, muda ambao injini imewaka na kanieneo ya hewa, kisha yakakisia kama gari liko kwenye mtihani. Likiwa kwenye mtihani, mfumo wa kusafisha moshi ulifanya kazi yote. Likitoka kwenye mtihani na kuingia barabarani, ulipunguziwa kazi, na gari likatoa hewa chafu hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Magari takriban milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo.

Hebu tulitafakari hilo kidogo, hasa ninyi mafundi. Hakuna ambaye angeweza kuliona kosa lile kwa kufungua boneti. Plagi, nozeli, bomba la moshi, vyote vilikuwa salama. Udanganyifu ulikuwa kwenye mistari michache ya maandishi ambayo sheria ya hakimiliki ilimkataza mwenye gari kuisoma. Mwaka ule ule wa 2015 nchini Marekani kulikuwa na maombi rasmi ya kumruhusu mwenye gari aichunguze programu ya gari lake, na mamlaka ile ile ya mazingira iliandika kupinga ombi hilo mwezi Julai, ikihofia kwamba watu wangeongeza nguvu za injini na kuchafua hewa zaidi. Miezi miwili baadaye ikagundulika kwamba mchafuzi mkubwa ni mwenye kiwanda. Ruhusa ilitolewa Oktoba. Kwangu mimi kisa hicho kinatosha kumaliza hoja kwamba programu iliyofungwa hulinda mazingira.

Sasa twende gereji, maana hapa ndipo ninapotaka tukae kwa muda mrefu zaidi.

Fundi wa Dodoma leo anaweza kupokea Toyota, Nissan, Mazda na Volkswagen kwa siku moja, akachomeka mashine ya kupimia gari chini ya usukani, akasoma namba ya kosa na kuanza kazi. Uwezo huo haukutokana na huruma ya viwanda. Ulitokana na sheria. Kuanzia mwaka 1996 Marekani ililazimisha kila gari dogo jipya liwe na tundu la aina moja, lugha inayoeleweka na namba za makosa zinazofanana, ili uchafuzi wa hewa uweze kukaguliwa. Nchi nyingine zikafuata, na viwanda vikaona ni rahisi zaidi kutengeneza hivyo kwa soko zima. Fundi ambaye hajawahi kukanyaga Marekani anakula matunda ya sheria hiyo kila siku. Mashine ndogo ya bei nafuu anayonunua Kariakoo imewezekana kwa sababu hiyo tu.

Lakini angalieni msingi wa sheria yenyewe ni nini: ni moshi. Gari la umeme halina moshi. Kwa hiyo gari safi kuliko yote limeponyoka nje ya sheria iliyompa fundi macho, na kila kiwanda kimebaki huru kuficha hali ya betri kwa namna yake. Betri hiyo ndiyo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote katika gari. Jimbo la California liliona pengo hili na mwaka 2022 likapitisha kanuni zilizotaka magari ya umeme ya kuanzia toleo la mwaka 2026 yamwonyeshe dereva mwenyewe afya ya betri, bila kifaa cha kiwandani. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria ya betri mwaka 2023, na kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za magari ya umeme na za vyombo vyepesi kama pikipiki zitahitaji pasipoti ya kidijitali inayoeleza zilikotoka na zilivyo. Ni hatua nzuri. Hata hivyo magari yetu mengi yaliyotumika hutoka Japani, na pikipiki zetu nyingi hutoka India na China, kwa hiyo kinga waliyojiandikia watu wa California na wa Ulaya haitatufikia yenyewe. Lazima tuandike ya kwetu.

Mfano mmoja wa kueleweka ni Nissan Leaf, ambayo ilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010 na sasa inapatikana kwa bei ya chini katika minada ya magari yaliyotumika. Betri ya matoleo yake ya awali haipozwi kwa maji wala kimiminika chochote. Inategemea hewa inayoizunguka. Mwaka 2012 wamiliki wa Arizona, jimbo la jangwa, walilalamika kwamba betri zao zimechakaa mapema kwa sababu ya joto. Mtu wa Dodoma anayetaka kuagiza gari hilo ana haki ya kujua betri ya gari lile mahususi imebaki na uwezo kiasi gani, na jua la hapa litaifanya nini. Kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi hazimwambii. Rangi haimwambii. Taarifa ipo ndani ya gari, inapita kwenye nyaya zake kila sekunde, lakini imeandikwa kwa namna ambayo kiwanda hakikumtangazia mtu.

Nani basi alifungua mlango huo? Ni wamiliki wenyewe na waandishi wa programu wa kujitolea, waliokaa na kompyuta zao wakisoma ujumbe unaopita kwenye nyaya hadi wakaelewa ni namba ipi inayoeleza joto la betri na ipi inayoeleza uwezo uliobaki. Baadhi ya ujuzi huo umewekwa katika mfumo huria uitwao OVMS, ambao maandishi yake yako wazi na ambao hutambua magari ya viwanda vingi. Fundi wa Dodoma anaweza kuupata leo bila kumwomba mtu ruhusa. Naomba vijana wa kompyuta mliopo hapa mlisikie hilo kama kazi inayowasubiri: kuna ujuzi wa gari la umeme ulioandikwa tayari, bure, na hakuna aliyeuweka kwa Kiswahili pamoja na mazingira ya gereji zetu.

Wale mnaodhani jambo hili ni la wenye magari mapya, kumbukeni gari dogo lililotoka Japani ambalo betri yake ya kawaida ya volti 12 ikitolewa, redio hufunga na kuonyesha maandishi ya Kijapani yakidai namba ya siri. Mwenye gari amelipa ushuru wote, kadi ina jina lake, na redio inamkatalia. Tumelizoea kiasi kwamba tunalicheka. Katika gari la umeme kufuli la aina hiyo linaweza kuwekwa kwenye betri, kwenye chaja au kwenye mota yenyewe, na hapo hakuna wa kucheka.

Bodaboda wako hatarini zaidi. Pikipiki nyingi za umeme Afrika Mashariki zinaendeshwa kwa mpango wa kubadilisha betri: kijana ananunua pikipiki, betri inabaki mali ya kampuni, na anapoishiwa chaji anapita kituoni kubadilishana. Mpango huo una faida ya kweli, kwa sababu bei ya kuanzia inashuka na kijana hapotezi saa kadhaa akichaji. Kigali imeshafika hatua ambayo pikipiki mpya za kubeba abiria lazima ziwe za umeme. Lakini betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine, na hata ikiingia kwa umbo, programu zake hazitambuani. Kampuni ikifilisika au ikiamua kuhama mji, pikipiki inabaki chuma. Mwaka 2021 Honda, Yamaha, KTM na Piaggio waliunda umoja wa kutafuta betri ya kubadilishana inayolingana. Ikiwa wakubwa hao wameona ulazima wa kulingana, halmashauri ya jiji inayotoa leseni kwa vituo vya betri isione haya kuweka sharti hilo.

Wapo watakaosema kwamba kampuni kubwa hazifi. Kampuni ya Fisker ya Marekani iliomba ulinzi wa mufilisi Juni 2024 ikiwa imeshauza maelfu ya magari ya umeme yanayotegemea seva zake, yaani kompyuta zake za mbali, na wamiliki wakalazimika kuunda chama chao na kuanza kujitafutia namna ya kudumisha programu. Nissan, ambayo haijafa, ilifunga mwaka huo huo huduma ya programu ya simu kwa Leaf za zamani nchini Uingereza kwa sababu mtandao wa simu uliotumiwa na magari hayo ulikuwa umepangwa kuzimwa. Gari lililoundwa vizuri linaweza kuishi miaka 20, na hapa kwetu huishi zaidi. Ni nadra seva ya kiwanda kuishi hivyo.

Niingie kwenye vituo vya kuchajia, ambapo habari ni njema kidogo. Kuanzia mwaka 2009, Uholanzi ilianzisha itifaki iitwayo OCPP inayowezesha mashine ya kuchajia ya kiwanda chochote kuzungumza na mfumo wa usimamizi wa kampuni yoyote. Itifaki hiyo iko wazi na haitozwi ada, na leo inatumika katika nchi nyingi. Ipo pia programu huria iitwayo EVerest, inayotunzwa chini ya Linux Foundation, ambayo huendesha mashine yenyewe ya kuchajia. Maana yake kwa barabara ya Dar es Salaam hadi Dodoma, yenye kilomita takriban 450, ni kwamba anayejenga kituo Chalinze, anayejenga Gairo na anayejenga Kibaigwa wanaweza kuwa watu watatu tofauti, wenye mashine za nchi tatu, na dereva akalipa kwa namna moja. Tukiacha bila sharti, kila mmoja atakuja na programu yake ya simu, akaunti yake na salio lake, na dereva atakwama Gairo akiwa na pesa.

Tunao ushahidi wetu wenyewe kwamba viwango vya wazi vinafanya kazi hapa nchini. Mita zetu za LUKU, yaani za umeme wa kulipia kabla, zinatumia kiwango cha kimataifa kiitwacho STS, kilichoanzia Afrika Kusini, na ndiyo maana mita za viwanda mbalimbali hupokea namba za aina moja, zenye tarakimu 20, tunazonunua kwa simu. Kiwango hicho huhesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilikuwa inaisha tarehe 24 Novemba 2024; baada ya hapo mita isiyosasishwa isingepokea umeme mpya. Mnakumbuka tulivyoingiza namba za ziada mwaka ule. Wengi waliona ni usumbufu. Mimi niliona jambo la kujivunia: kasoro iliyokuwa kwenye mamilioni ya mita duniani ilijulikana miaka mingi kabla, kwa sababu maelezo ya kiwango yalikuwa yamechapishwa, na kila nchi ikapanga muda wake, na bibi wa Mpwapwa akaingiza namba kwa mkono wake bila kumwita fundi. Hebu fikirini kasoro kama hiyo ingekuwa ndani ya programu ya siri ya kiwanda kimoja kilichokwisha kufungwa.

Hapo ndipo tunapoingia kwenye mabishano ya programu huria za wavuti. Nayaeleza kwa sababu wenzetu wa wavuti wametangulia miaka 30 na wameshapita kwenye mashimo ambayo watu wa magari wanayaendea.

Wavuti tunaoutumia umejengwa juu ya programu huria: seva ya Apache ya mwaka 1995, mfumo wa Linux ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, lugha ya PHP, hifadhidata ya MySQL. WordPress, programu ya kujengea tovuti iliyoanza mwaka 2003, inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote. Katika afya, mfumo wa DHIS2 unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo unatumika Tanzania kukusanya takwimu za vituo vya tiba, na vijana wetu wameujenga pamoja na wenzao wa nchi nyingine. Huko nyuma wengi walidhani kwamba maandishi yakishakuwa wazi na leseni ikishakuwa huria, kazi imekwisha.

Septemba 2024 dhana hiyo ilipata pigo. Matt Mullenweg, mmoja wa waanzilishi wa WordPress, aligombana hadharani na WP Engine, kampuni inayohifadhi tovuti za WordPress kwa malipo, akiituhumu kwamba inavuna bila kupanda. Kisha seva zinazotoa masasisho ya WordPress zikaifungia kampuni hiyo, na Oktoba programu-jalizi yake, yaani nyongeza ya WordPress, iliyotumiwa na tovuti nyingi ikachukuliwa na kubadilishwa jina kupitia mfumo ule ule wa masasisho. Desemba mahakama ya California ikaamuru hali irudishwe kama ilivyokuwa wakati kesi ikiendelea. Sitaki kuamua hapa nani alikuwa na haki katika madai ya fedha. Mwanzilishi ana hoja anaposema kwamba wanaopata faida kubwa wachangie matunzo. Kinachonisumbua ni kwamba leseni ilikuwa huria kabisa, kila mtu alikuwa na nakala ya maandishi, lakini mkono unaotoa masasisho ulikuwa mmoja, na mkono huo ulipokasirika, watu ambao hawakuwa sehemu ya ugomvi waliumia.

Hilo ndilo somo ninaloliona kubwa kuliko yote kwa magari, kwa sababu magari ya umeme nayo sasa hupokea masasisho kupitia mtandao usiku yakiwa yameegeshwa. Anayetuma sasisho anaweza kuongeza umbali wa safari, kupunguza nguvu ya kuchaji, au kuzima kitu kilichokuwa kinafanya kazi. Kusoma programu ni haki ya kwanza, na haki ya kuchagua nani atusasishie inaifuata papo hapo.

Kuna mabishano mengine ya leseni. Kampuni za programu za HashiCorp mwaka 2023 na Redis mwaka 2024 zilibadilisha leseni za programu zao kuwa za masharti, zikilalamika kwamba kampuni kubwa za seva za kukodi zinauza kazi yao. Watumiaji wakachukua nakala za mwisho zilizokuwa huria na kuanzisha matawi yao, OpenTofu na Valkey. Redis ilirudi kwenye leseni huria mwaka 2025. Mimi naliona tukio hilo kama kipimo cha leseni nzuri: mwenye mali alipobadilika, watumiaji walikuwa na mahali pa kwenda. Mwenye pikipiki ambaye betri yake imefungwa na kampuni moja hana mahali hapo.

Nijibu sasa pingamizi la usalama, maana najua wapo maofisa hapa ambao kazi yao ni kulinda mifumo ya nchi, na wasiwasi wao ni halali. Wanauliza: tukiweka wazi programu za chaja na magari, je, wahalifu hawatazisoma? Watazisoma. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia kwenye seva yake kunachelewa takriban nusu sekunde kuliko kawaida. Alipofuatilia, alikuta mwanya wa siri ndani ya programu huria ya kubana mafaili iitwayo xz, uliopandwa na mtu aliyetumia zaidi ya miaka miwili kujenga imani kwa mtunzaji wa programu hiyo, ambaye alikuwa akifanya kazi hiyo kwa kujitolea na alishakiri hadharani kwamba uwezo wake wa kuitunza umepungua. Kisa hicho kina upande wa faraja: mhandisi aliweza kufuatilia hadi mwisho kwa sababu maandishi yalikuwa mbele yake. Kina pia upande wa kututia aibu sote: miundombinu ya dunia ilikuwa imeegemea mabega ya mtu mmoja asiyelipwa. Jibu langu kwa maofisa ni kwamba hatari haipo kwenye uwazi. Ipo kwenye kutumia programu bila kuweka bajeti ya mtu wa kuitunza. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imetupa chombo cha kusimamia mifumo ya umma, na makao yake yako hapa hapa jijini. Iwapo taasisi inaweza kuajiri mlinzi wa geti, inaweza kuajiri kijana wa kukagua na kusasisha programu huria inayoitegemea, na kumruhusu marekebisho yake ayarudishe kwa wenzake duniani.

Nitaje pia taarifa binafsi. Gari la umeme linajua ulikolala, ulikochaji na saa uliyotoka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na inagusa taarifa hizi, lakini sijaona mjadala wa kutosha kuhusu magari. Tuuanzishe kabla magari hayajawa mengi.

Ninachoomba kwa vitendo ni vifungu vya mikataba. Kila taasisi ya umma itakayonunua chombo cha umeme au kutoa kibali cha kituo cha kuchajia idai itifaki ya wazi, iwe OCPP au inayolingana nayo. Idai kwamba afya ya betri isomeke na fundi yeyote kwa kifaa cha kawaida. Idai kwamba maandishi ya programu yahifadhiwe kwa wakala wa kuaminika na yafunguliwe kwa mnunuzi siku kampuni ikifungwa au ikikoma kutoa masasisho. Idai kwamba masasisho yasipunguze uwezo wa chombo bila ridhaa ya mwenye mali. Mtu akisema kwamba sisi ni soko dogo na hatutasikilizwa, nitamkumbusha kwamba wauzaji wa mita za LUKU walikubali kiwango kimoja ili wauze hapa, na wale nao walikuwa na viwanda vikubwa nje.

Kwa waheshimiwa wabunge na wasaidizi wao waliotutembelea leo, nakala ya vifungu hivyo vikiwa vimeandikwa kwa lugha ya mkataba ipo mezani kwa Mwenyekiti; nawaomba mchukue kabla ya vikao vya bajeti kuanza, kwa sababu sharti likiingia wakati wa kununua halina gharama kubwa, na likisubiri hadi vyombo vimeshafika lina gharama ya kununua upya. Kwa vyuo vyetu na kwa VETA, naomba mafundi wa magari na wanafunzi wa kompyuta wafundishwe karakana moja, wakiwa na gari moja la umeme lililochakaa ambalo wanaruhusiwa kulivunja hadi mwisho. Kwa wazee wangu mafundi, ningependa sana kusikia ni magari gani ya mseto na ya umeme mnayoyakataa leo kwa kukosa vifaa au namba za siri, gari kwa gari, maana orodha hiyo ndiyo itakayotuonyesha tuanze kuandika programu ipi. Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza; niko tayari kwa maswali, na kwa ruhusa yako tuanze na upande wa mafundi.